Betri za Redio ya Mama

Watu wa rika langu wakikutana huanza kuzisifu redio za betri, na jinsi mtaa mzima ulivyonyamaza wakati wa habari. Mimi huwaacha waseme. Redio yetu pale mtaani Munyaka siikumbuki kwa furaha.

Ilikuwa ya mama, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kwao ni mbali, kule ziwani. Simu hatukuwa nayo, na barua ilifika siku ikijisikia. Mtu akifa, ukoo ulipeleka tangazo redioni, likasomwa baada ya habari za jioni, na wana wa marehemu wakatajwa mmoja mmoja. Ndiyo maana betri zilikuwa za habari na vifo tu. Muziki ulikuwa marufuku.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kichwa kigumu. Mama akienda kazini, nilisikiliza kipindi cha salamu nikingoja kadi yangu isomwe. Haikusomwa. Betri zilipoanza kukoroma nilizianika juu ya mabati ya bafu, kama wote tulivyofanya, zipate nguvu kidogo. Siku hiyo jua halikutoka. Jioni mama aliwasha redio, ikakwaruza, ikazima.

"Si nilinunua hizi juzi tu?"

"Labda zilikuwa mbaya," nikasema.

Alisema tungoje mwisho wa mwezi. Kwa zaidi ya wiki hatukukanyaga dukani. Mshahara ulipotoka tulienda pamoja kwa mzee wa Kisomali aliyekuwa na duka pale kona. Barua za mama zilipitia sanduku lake la posta, kwa hiyo yeye peke yake mtaani alilijua jina lake la nyumbani. Majirani walimjua kwa jina langu tu.

Mzee alipomwona mama aliacha kupima sukari.

"Pole sana, mama. Nilisikia kwa redio. Mmerudi lini kutoka mazishi?"

"Mazishi ya nani?"

Mzee alitazama chini. Ikabidi aseme yeye: bibi yangu, mzazi wa mama, alikuwa amefariki, tangazo lilisomwa jioni tatu mfululizo, na Jumamosi wakamzika. Kwa kuwa hakutuona dukani, alidhani tumeshasafiri.

Mama alienda kwao kesho yake. Alikuta kaburi limeshafunikwa, na ndugu zake wakamuuliza ni shughuli gani ya mjini iliyomshinda mama yake mzazi. Alieleza habari ya betri. Hakuna aliyemwamini.

Aliporudi alimgeukia mzee wa duka. Alimwambia kila mtu kwamba anauza betri zilizolala, na mpaka tunahama hakununua tena hata kiberiti kwake. Mimi nilisimama kando ya mama nikayasikia yote, na niliona aibu, lakini woga ulizidi.

Duka lile sasa ni la kutengeneza simu, na misiba hutangazwa kwenye grupu za WhatsApp kabla maiti haijapoa. Mwaka jana, mama akiwa amelazwa, aliniuliza ghafla kama yule mzee wa betri bado yuko hai.

"Alifariki kitambo, mama."

"Basi Mungu amuulize," akasema. "Mimi sijamsamehe."

Tulikuwa wawili tu. Nilipoza uji nikamnywesha, kijiko baada ya kijiko, mpaka ukaisha.