Akina Mama Walioachwa Nje ya Wimbo

Veronika hakupata kazi kiwandani kwa kujua kushona magunia. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha ngoma, kikundi kikataka kitu cha Kiluguru, naye akashuka mjini kutoka kijijini kwao Kinole, milimani, na wimbo wa mama yake. Kwao huimbwa anapozikwa mwanamke mtu mzima. Huwataja mama wa ukoo mmoja baada ya mwingine, tangu yule wa kwanza kuupanda mlima, ili waje wampokee mwenzao.

Ndugu Hatibu, mtaalamu wa utamaduni aliyeletwa kuwanoa, aliupenda mno. Hakuwa na majivuno; alikaa mkekani akala nao ugali. Ila aliona una kasoro.

"Dada Vero, majina haya ni ya ukoo mmoja, na sisi tunajenga taifa. Mtaje yule wa kwanza, kisha weka Tanzania, halafu mpige goti kwa mgeni rasmi."

Wimbo ukapata sare za kitenge, ukapigwa redioni, watoto wa shule wakafundishwa hivyo hivyo.

Mama yake, Bibi Theresia, aliusikia akichambua maharage. Akamwuliza bintiye wale wengine amewaacha wapi.

"Mama, huo ni wa jukwaani. Wa nyumbani si upo?"

Bibi akaendelea kuchambua maharage yake.

Na kweli ulikuwepo, madhali Bibi alikuwepo.

Zikaja enzi za ruksa, za soko huria. Kiwanda kikauzwa, na mwenye mali mpya hakuwa na haja ya ngoma. Veronika akawa anakaanga vitumbua mjini, mtaa wa Mafiga, akisema kila mwaka kwamba atapanda Kinole akakae na mama, aurudie wimbo wote. Alipopanda, alipanda kuzika.

Kaburini wanawake wakampisha, maana Bibi hakumfundisha mwingine. Sauti ilikuwa ile ile. Wachimba kaburi wakaegemea majembe kumsikiliza. Akamtaja mama wa kwanza. Mara jina la nchi likatoka lenyewe, na magoti yakakunjika kuelekea migombani, kama kwamba huko ndiko aliko mgeni rasmi. Vijana wakaitikia kwa nguvu. Ndio wimbo waliofundishwa shuleni.

Mjomba Dadi, kaka wa marehemu, akamsogelea.

"Vero, mwanangu, mama zetu wameishia hapo?"

Akawatafuta kichwani. Ukamjia mlio wa manyanga ya jukwaani, ikamjia filimbi ya kiongozi wa kikundi. Jina halikuja. Watu wakasubiri bila kumharakisha, na huko kusubiriwa ndiko kulikomuumiza zaidi.

Mwishowe akamtaja Theresia moja kwa moja kama binti wa yule wa kwanza. Majembe yakaanza kufukia.