Landrova Iliyozimia Mlangoni kwa Herieli

Bernadeta alikuwa na kalamu moja nyeusi ambayo hakuiandikia barua wala jina la mtu. Ilikuwa ya kuweka alama. Chupa ya mafuta ya kula ilikuwa na alama, ndoo ya unga ilikuwa na alama, hata mche wa sabuni. Alipika shuleni miaka ishirini na mmoja, akatoka na somo moja: kisicho na alama hakina mwenyewe. Pale mtaani Bagara walimwita Mama Salvatory, na mgeni aliyeijua nyumba yake alikaa sebuleni mikono ikionekana.

Marehemu mumewe, John, alimwachia Landrova kuukuu ya petroli, aina ya 109, bodi ya kijani iliyopauka mpaka ikafanana na jani la mgomba lililopigwa na baridi. Bernadeta aliiendesha mwenyewe. John ndiye aliyemfundisha, zamani, ana mimba ya Salvatory, usukani ukimgusa tumbo.

Siku ya kumzika John gari hilo ndilo lililotakiwa kubeba jeneza. Likakataa kuwaka. Tangi lilikuwa kavu. Usiku wa matanga mtu alinyonya petroli yote, mmoja wa hao hao waliokula ugali wake na kumpa pole. John akaenda kaburini juu ya lori la kokoto. Bernadeta hakulisahau vumbi lile juu ya sanduku. Alipomaliza arobaini, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakibana chini ya mfuniko wa tangi mpaka hata harufu isipite, akafunga kwa kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Miezi ikapita vizuri. Alikwenda sokoni na kurudi, kanisani na kurudi. Halafu mbaazi zikakauka kule shambani Mutuka, akalipeleka gari Maisaka kwa fundi Gidamanyega alisafishe plagi kabla ya safari ndefu. Tangu hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Safari ya kwanza gari lilikohoa, likakohoa tena, likazima mlangoni kwa Herieli, mwenye duka la mbao njia ya Mutuka. Herieli akatoka na kiti.

"Kaa, mama. Gari la umri huu likichoka linapumzishwa. Ukichoka na wewe, niuzie."

Alikaa nusu saa, akajaribu, likawaka. Akarudi kwa fundi. Fundi akabadilisha platini, akachomoa bomba la petroli chini ya gari, akalipuliza, likanguruma kama jipya. Wiki iliyofuata likazima pale pale, mlango ule ule, na kiti kile kile kikatoka. Mara ya tatu fundi akaweka kondensa nyingine, akapuliza bomba. Likazima kwa Herieli.

Bernadeta hakuwa mtoto. Kwa fundi linawaka, kwa Herieli linazima. Na wiki ile ile aliwaona kwa macho yake, Gidamanyega na Herieli, meza moja kwenye mgahawa wa Maisaka, chai na chapati, wakicheka. Fundi anaharibu, mwenzake ananunua. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Salvatory naye alipiga simu kutoka Dodoma. "Mama, tukubaliane. Jumamosi nenda tena. Likifika Mutuka na kurudi, sisemi kitu. Likizima lisifike, muuzie huyo mzee wa mbao. Sitaki kusikia umelala porini."

Bernadeta alikubali, na neno lake likishatoka hakulirudisha. Lakini alimwambia Gidamanyega apande naye. Mwizi ni heri akae kiti cha pembeni, unamwona mikono.

Gidamanyega alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, kijana wa wafugaji wa Hanang aliyeacha fimbo akashika spana. Njiani alisikiliza injini kichwa kikiwa kimeinama, kama anayesikiliza mgonjwa kifuani. Bernadeta aliona hilo pia akalihesabu: anasubiri.

Mita mia moja kabla ya duka la mbao, gari likakohoa.

"Umesikia?" akasema Bernadeta.

"Nimesikia."

"Na unajua litazimia wapi."

"Najua, mama. Kutoka kwako mpaka hapa ni mwendo ule ule kila siku."

Likazima. Herieli alikuwa tayari nje, na safari hii hakushika kiti. Alishika cheni ya kuvutia magari.

"Shikamoo, Mama Salvatory."

"Marahaba. Umejiandaa."

"Mtu hujiandaa kwa anachokiona, mama. Hii ni ya nne."

Gidamanyega akafungua boneti. Akachomoa plagi moja, akailaza juu ya chuma, akamwomba Bernadeta apige stata. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye afya. "Moto upo," akasema. Akachomoa bomba pale linapoingia kwenye kabureta. Stata ikapigwa tena. Petroli ikatoka tone, tone, halafu pumzi tu.

"Basi lipulize hilo la chini, kama kawaida yako," akasema Bernadeta.

"Leo sipulizi. Nikilipuliza litawaka, halafu wiki ijayo tutakuwa hapa hapa." Akajifuta mikono. "Mama, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa tangi."

"Mara ya kwanza uliniomba nikakataa. Petroli nimejaza jana, lita ishirini na tano, nimesimama pale pale."

"Sijasema haipo."

"Mpe, mama," Herieli akadakia. "Au umeficha dhahabu humo?"

Bernadeta akaishika rozari. Kumbe ndipo walipokuwa wanampeleka siku zote, kwenye ufunguo. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaitazama cheni. Cheni ilikuwa imeshawekewa ndoano. Kwa vyovyote gari lilikuwa linaondoka; neno alishampa Salvatory.

"Nafungua mwenyewe," akasema. "Nyie simameni kule."

Kufuli likatoka upesi. Mfuniko haukutoka. Akauvuta kwa mikono miwili, akaweka na goti, ukabanduka ghafla, na tangi likavuta pumzi, fuuuu, ndefu, kama mtu aliyetolewa kichwa majini.

Kipande cha tyubu kilikuwa kimenyonywa kikabonyea ndani, kimeziba barabara katundu ka hewa ka mfuniko.

Gidamanyega akafungua mdomo aeleze, Bernadeta akamwinulia kiganja. Hakuhitaji kuelezwa. Miaka ishirini na mmoja alitoboa madumu ya mafuta ya kupikia, na kila dumu alilitoboa matundu mawili, moja la mafuta kutokea, moja la hewa kuingilia. Wasichana wa jikoni waliosahau la pili aliwacheka mbele ya wenzao. Kila fundi alipopuliza bomba, alikuwa analipa tangi pumzi ya safari moja tu.

Akakisokota kile kipande, akakitia mfukoni.

"Piga stata, mama," fundi akasema taratibu.

Likawaka.

"Ilikuwa nini?" Herieli akauliza, cheni ikimning'inia mkononi.

Bernadeta akasubiri. Sasa fundi atasema, na kesho Maisaka nzima itajua.

"Njia ya petroli iliziba," akajibu Gidamanyega. "Kitu kidogo."

Walifika Mutuka, wakapakia magunia tisa ya mbaazi, wakarudi bila gari kukohoa. Njia nzima Bernadeta alijiuliza kwa nini mtu huyu amemfichia, na anataka nini. Akatafuta mpaka daraja la mwisho, asipate. Jioni Salvatory akapiga.

"Limefika," akamwambia. "Haliuzwi."

"Fundi amejua ugonjwa?"

"Amejua. Ulikuwa wangu. Niliziba tangi mwenyewe." Akakata simu kabla mwanawe hajacheka.

Nje Gidamanyega alikuwa anamalizia kushusha magunia. Bernadeta akauvua ufunguo kutoka kwenye rozari.

"Shika. Nenda kaongeze petroli, kesho tunarudia magunia yaliyobaki. Hilo tundu liangalie vizuri."

"Peke yangu?"

"Kwani unaogopa?"

Landrova ikatoka getini. Bernadeta akabaki amesimama, shingo nyepesi. Halafu akavuta kigoda mpaka dirishani, pale njia inapoonekana yote.