Baba Mkwe Alipokamatwa Ruiru

Simu iliingia nikiwa napiga pasi sare za shule nilizokuwa nimemaliza kushona. Aliyepiga alikuwa askari wa trafiki, Ruiru. Akanitajia jina la baba mkwe wangu, akauliza kama namjua.

"Tuko naye hapa kituoni. Amepulizishwa kile kipimo cha pombe, alkoblo, akapatikana amelewa. Anasema huku wewe ndiye mtu wake."

Nilidhani wamekosea mtu. Baba mkwe ni mzee wa kanisa kule kwao Kakamega, mtu wa kuamka kabla ya kuku na kuombea hata chai. Halafu nikakumbuka alikotoka mchana huo, nikachomoa pasi na kutafuta viatu.

Alikuwa ametoka kwa wazazi wangu, Kalimoni, karibu na Juja. Baba yangu alikuwa amelazwa muda mrefu, na alipopona, baba mkwe akaona ni vizuri aje amwone mkwe mwenzake. Mume wangu yuko kazini Lodwar na hakupata ruhusa, kwa hiyo mzee alikuja peke yake na pikapu yake kuukuu, amebeba mahindi na kuku. Kwetu Wagĩkũyũ mkwe hapokewi kwa soda. Baba alimtolea muratina, ile pombe ya asali, akammiminia kwenye pembe ya kunywea kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwepo. Niliona baba mkwe akiitazama ile pembe kidogo kabla ya kuipokea. Alipomiminiwa mara ya pili hakuitazama tena. Mimi niliondoka mapema kwa sababu ya zile sare. Yeye alipanga kwenda kulala Gitothua, kule Ruiru, kwa mtu wa kwao, maana kwa desturi yao mzee halali katika nyumba ya mwanawe.

Kituoni nilimkuta ameketi kwenye benchi, kofia mapajani. Kwao mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, na kwa miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tukisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni. Siku ile nilisimama mbele yake na sikujua pa kuweka macho.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita siku zote, "umesumbuka kuja."

"Si kitu, baba."

Askari wa dawati aliniuliza, "Wewe ni binti yake?"

"Ni mke wa mwanawe."

"Hana mtu mwingine?"

"Wengine wako mbali."

Nikaweka sahihi kama mdhamini wake, ili Jumatatu afike kortini. Tulipotoka nje nikamwambia tumpigie mtu wake wa Gitothua aje amchukue. Akatikisa kichwa. "Huyo akijua, kesho nyumbani wote wanajua. Na mama yenu kule Kakamega asiambiwe. Nitamwambia mwenyewe."

Kwa hiyo tukaenda kwangu, hapohapo Ruiru. Mwenye ploti ninapopanga alikuwa na chumba kimoja kisicho na mpangaji, ng'ambo ya kamba za kuanikia nguo, akanifungulia bila kuuliza mengi. Nikatandika godoro huko. Chakula nilimpelekea mlangoni, na sahani aliirudisha imeoshwa.

Jumatatu baba yangu alikuja kortini, bado amekonda, koti linamning'inia. Mama yangu alijaribu kumzuia akashindwa. Baba mkwe aliposimama kizimbani, karani akamsomea shtaka kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesomea mtoto. Kwamba aliendesha gari barabarani akiwa mlevi.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Hakimu alikuwa mwanamke, pengine wa rika langu. Akamuuliza kama ana la kusema kabla hajatoa hukumu. Hapo baba yangu akainuka nyuma yetu, mkono juu.

"Mheshimiwa, hiyo pombe ni mimi..."

"Mzee, keti chini," askari wa korti akamkatiza.

Baba mkwe hakugeuka. "Mheshimiwa," akasema, "nilikunywa mwenyewe na nikawasha gari mwenyewe. Hakuna mtu alinishika mkono. Sina lingine."

Alinyang'anywa leseni kwa muda, na akapewa kifungo cha nje, yaani kazi ya jamii badala ya jela. Hakimu alimwambia kwamba anaweza kwenda kuifanya karibu na kwake, afisa husika wa huko amsimamie. Nilitegemea atashukuru. Akaomba aifanye hukuhuku. Nilijisemea moyoni kwamba anajificha, na nikamwonea huruma, na kusema kweli nikamdharau kidogo pia.

Alipangiwa zahanati ya serikali karibu na kwangu. Kila asubuhi aliingia na suti yake ileile, akalivua koti na kulitundika kwenye dirisha, akaanza kufagia. Alifagia hadi nyuma ya choo mahali ambapo hakuna aliyemtuma. Mchana nilimpelekea githeri au ugali na mboga, nikawa naweka bakuli kwenye ukuta na kurudi nyuma hatua chache. Siku moja mvua ilitushika pale, tukajikinga chini ya paa la veranda, yeye upande huu na mimi ule. Akala bila kuniangalia. Kisha akasema:

"Kuna kipande cha barabara sikumbuki."

Sikuelewa.

"Pale Juja nakumbuka. Kulikuwa na watu wengi, wanafunzi, wauza matunda. Halafu nakumbuka askari ananipungia mkono huku Ruiru. Hapo katikati hakuna kitu, mama. Niliendesha gari, lakini sikuwa ndani yake. Lazima nilipita watu. Sijui nilipita wangapi, wala nilipita nao karibu namna gani."

Mvua iliendelea. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyeumia, nikaona hilo analijua.

"Ndiyo maana nilitaka hapa," akasema. "Hawa wanaopita hapa na watoto mgongoni ndio niliowapita."

Ile dharau yangu ikanitoka, nikabaki na aibu yake.

Baba yangu naye hakutulia nyumbani. Asubuhi moja nilifika na chakula nikamkuta ameshika fyekeo, anakata nyasi kando ya uzio, anahema. Msimamizi alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Mzee, wewe si wa hukumu hii."

"Hakuna sheria ya kukataza mtu kukata nyasi," baba akajibu.

Baba mkwe akaacha ufagio, akamwendea. "Mkwe, nenda nyumbani. Umetoka hospitali juzi."

"Mimi ndiye nilikumiminia."

"Na ningekataa?"

Baba akafikiri. Ni mtu asiyejua kudanganya kwa haraka. "Ningekasirika," akasema.

"Ungekasirika mpaka lini?"

"Pengine mpaka jioni."

Baba mkwe akamtazama, halafu akacheka kwa sauti. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kabla ya hapo wala baadaye. Akamnyang'anya fyekeo, akamketisha kivulini. Baba akakaa pale mpaka saa ya kufunga, akimwonyesha kwa kidole nyasi alizoruka, naye anazirudia.

Alipomaliza kifungo chake, mume wangu alikuwa amepata likizo, akampeleka nyumbani na ile pikapu. Mzee aliketi upande wa abiria, mkanda umefungwa, mikono magotini. Alinishukuru kwa maneno machache, akitazama pembeni, nami nikatazama pembeni. Nilifurahi kwamba tumeweza kurudia salamu zetu za zamani.

Jumapili iliyofuata mama mkwe akanipigia simu.

"Amesimama kanisani," akasema. "Mbele ya watu wote. Amesema alikamatwa amelewa, na kwamba mtu asimwite mzee wa kanisa mpaka wazee wenzake wakae waamue."

"Pole, mama."

"Mimi aliniambia siku aliyofika, kabla hajashusha hata mzigo. Sasa nakuuliza wewe. Siku zote hizo nilikuwa nakupigia, unaniambia anamwangalia mkwe wake."

"Aliniomba nisiseme."

Kwenye simu nilisikia ng'ombe akilia, na mtu akifunga lango.

"Ulifanya vizuri kumsikiliza," akasema mwishowe. "Lakini siku nyingine, niambie mimi."