Nyuzi za Besi Kutoka Bunagana

Mwaka ule nyumba yetu ya Ndosho, mjini Goma, ilinuka chuma kilichochemshwa. Baba, ambaye alikuwa seremala siku za kazi na mpiga gitaa la besi wa kwaya ya parokia siku ya Jumapili, alikuwa na desturi ya kuvua nyuzi za gitaa lake zinapochakaa, kuzikunja kama nyoka waliolala, na kuzichemsha katika sufuria ya mama ya maharage. Mama alilalamika kila mara, na kila mara sufuria ilirudi jikoni ikiwa imesuguliwa kwa mchanga mweusi wa volkano hadi inang'aa. Nyuzi zile zilikuwa za zamani kuliko mimi, niliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Zilikuwa za namna isiyoonekana tena madukani, zilizofungwa kwa bati bapa, laini kama mgongo wa kijiko. Baba alijifunza besi Butembo ujanani, enzi ambazo uzi ulibadilishwa ukikatika tu, na sikio lake lilibaki huko. Alipenda sauti nene, fupi, isiyong'ara. Alituambia kwamba besi nzuri haisikiki: unaijua siku inaponyamaza.

Wiki sita kabla ya Pasaka, uzi mnene kuliko wote ulikatika katikati ya mazoezi, na mwingine ukaufuata siku mbili baadaye. Hapakuwa na la kuchemsha tena. Ndipo dada mkubwa wa baba, shangazi Masika, akasema atatafuta nyingine Bunagana, mpakani, kwa wafanyabiashara wanaoleta vitu kutoka Uganda. Shangazi aliuza vitenge na sahani za plastiki, na njia ile aliijua kama kiganja chake. Alikuwa amekusudia kwenda baada ya sikukuu, lakini kwa ajili ya Pasaka ya kwaya akaondoka mapema. Baba alimwandikia kwenye karatasi: nyuzi nne, za besi, laini. Kisha akamkumbusha hadi kwenye gari, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, "Laini, yaya. Upitishe kidole, usisikie kitu."

Siku tatu baada ya kuondoka kwake, vita vikawaka upande wa kaskazini. Barabara ilijaa watu waliobeba magodoro kichwani, mbuzi, watoto, masufuria. Wengine walilala mashuleni, wengine kanisani. Kwetu alikuja Mama Furaha, mwanamke wa Kibati, kaskazini ya mji, mwenye watoto wawili na godoro moja la sponji, ambaye yeye na mumewe walipotezana katika mbio za njiani. Baba alisogeza mbao na meza zake, akawapa chumba cha karakana. Mama Furaha hakuwa mtu wa maneno. Alifagia maranda ya mbao kila asubuhi ingawa hakuna aliyemwomba, na jioni alisimama langoni akitazama nyuso za waliokuwa wakifika.

Baba naye alisimama pale. Wiki mbili nzima hatukupata habari yoyote ya shangazi. Simu za mkononi zilikuwa bado za wachache, na kila mtu aliyetoka kaskazini alikuwa na habari yake, mbaya kuliko ya mwenzake. Baba aliacha kutaja nyuzi. Gitaa lilitundikwa ukutani likiwa na nyuzi mbili, na sikumwona akiligusa. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Ni mimi nilimutuma. Angekuwa hapa, anauza sahani zake." Bibi yetu alikufa baba akiwa bado ananyonya, na shangazi Masika ndiye aliyembeba mgongoni, akiwa yeye mwenyewe msichana mdogo.

Alirudi siku ya soko, mchana, kwa miguu iliyovimba. Alikuwa amevuka Uganda, akashuka Rwanda, akaingia Goma kwa mpaka wa Gisenyi. Vitenge na sahani vyote vilibaki mikononi mwa watu wenye silaha. Aliketi kwenye kigoda, akafungua kitenge chake kiunoni, akatoa pakiti iliyolowa jasho.

"Njo hizi," alisema, yaani ndizo hizi. "Walichukua yote. Hizi hawakuziona."

Baba alifungua pakiti. Nilikuwa karibu naye, nikamwona akipitisha ukucha juu ya uzi, na uzi ukakwaruza kama tupa ya seremala. Zilikuwa nyuzi za kisasa, za waya mviringo, zenye kung'ara. Baba alifunga pakiti taratibu, akamshika dada yake mikono yote miwili.

"Njo hizi zenyewe, yaya," akasema. "Aksanti sana."

Alizifunga kesho yake. Alipopiga, sauti ilitoka kali, yenye mlio wa bati, na baba akakunja uso kama aliyetafuna jiwe kwenye wali. Alianza kupigana nazo kwa siri. Alishusha nyuzi karibu na shingo ya gitaa, akahamisha dole gumba, akatia leso chini yake, lakini leso iliua sauti yote. Alizipaka mawese ili zizeeke haraka. Alitualika mimi na dada zangu tuzishike tukitoka kula mandazi, bila kunawa, jambo lililomfanya mama atoke nje asije akashuhudia. Hakuna kilichosaidia.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Shangazi alipokuja kututembelea aliniuliza, akinywa chai, kama baba anafurahia kamba zake. Nami, kwa kuwa nilifundishwa kutosema uongo, nikamjibu kwamba baba anasema zinalia kama masahani. Aliweka kikombe chini kikiwa nusu. Akaniuliza habari za shule, kisha akaenda. Hakuja kesho yake, wala keshokutwa, wala wiki ile yote. Baba alipojua sababu hakunichapa. Aliniambia tu, "Yule njo mama yangu," akarudi kwenye randa yake. Ningependelea fimbo.

Aliyetuokoa ni Mama Furaha. Alikuwa akisikia vita vya baba na nyuzi zile kupitia ukuta wa mbao, siku baada ya siku. Asubuhi moja alitoka na kisu cha jikoni na kipande cha sponji, kirefu kama kidole.

"Papa, jaribu kuweka hii chini yake. Hio leso ni nyembamba sana."

Baba alitambua rangi ile ya njano, akarudi nyuma. "Hapana, mama. Hiyo ni godoro yako. Ni kitu moja tu ulibeba."

"Ni kona," alisema. "Kwenye ile kona hakuna kichwa inalalaka."

Baba alikisukuma kipande kile chini ya nyuzi, pale zinapofungiwa kwenye chuma, akapiga kwa dole gumba. Sauti ilitoka fupi, nene, ya mviringo, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mbao nzito. Alipiga wimbo mzima akiwa amefumba macho, na Mama Furaha akaketi kwenye maranda, akasikiliza kwa mara ya kwanza bila kutazama langoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliyaona maneno hayo yakitimia kabla sijajua maana yake.

Asubuhi ya Pasaka nilitumwa kwa shangazi na kitenge cha mama mikononi. Alikataa kutoka, akasema hana nguo ya kanisani, nami nikamnyooshea kitenge.

"Tantine, nilikosa," nikasema.

"Hukukosa. Ulisema kweli." Alikitazama kitenge. "Lakini mimi nilitembea sana, mutoto yangu."

Alikuja. Tulisimama nyuma kabisa, kanisa likiwa limejaa watu wa Kibati hadi uani, na besi ilipoingia chini ya sauti za kwaya nilihisi sakafu ikitikisika. Baada ya misa shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye gitaa, akaona sponji ya njano ikichungulia, akaigusa.

"Na hii ni nini?"

Mama Furaha akajibu kabla ya baba, "Ni godoro yangu, mama."

Shangazi alicheka mpaka akaketi. Kisha akajifuta macho, akamwita baba kwa jina.

"Paluku, ungeniambia tu kama hazikuwa zile."

"Ungerudi Bunagana."

"Ningerudi," akasema.

Siku hizi besi ya kwaya napiga mimi. Vijana wananiuliza jinsi ya kupata sauti ya zamani, nami nawaeleza: nyuzi laini, sponji kidogo, dole gumba karibu na shingo. Wanaagiza kwa simu, wanatazama picha kwanza, na nyuzi zinafika zile zile walizotaka. Hilo ni jema. Mume wa Mama Furaha alipatikana miezi baadaye, wakarudi Kibati, na tangu hapo wamekimbia tena mara mbili. Shangazi amezeeka Butembo, baba tumemzika. Barabara bado zinafungwa, na wanawake bado wanazipita na mizigo yao. Tofauti ninayoijua kwa hakika ni moja. Nyumbani kwangu, mtu yeyote akienda safari na kuuliza atuletee nini, watoto wangu hujibu kabla yangu, maana nimewafundisha: leta ukiweza, na njia ikiharibika, rudi mikono mitupu.