Dereva wa Zamani

Mama yangu aliwahi kuwatangazia watu wa kanisani kwake, Migato, kwamba binti yake ana makontena Bariadi. Wiki haikuisha, mjomba mmoja akafika kwenye stationari yangu, kofia mkononi, akaomba nimpangishie moja aweke duka la dawa za mifugo. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana mzee wa watu alikuwa amekuja na baiskeli. Huku kwetu kontena ni lile sanduku la chuma lililotobolewa dirisha, ndani kuna saluni au fundi simu. Langu mimi halishikiki. Nilimnunulia soda, nikamweleza, akaitikia kwa heshima kila nilichosema, na akaondoka akiamini nimemnyima.

Basi nieleze na hapa, nisije nikaitwa mchoyo mara ya pili. Kuna watu wanaocheza gemu kwenye kompyuta zenye Linux, mfumo wa bure ambao kila kundi duniani linautengeneza kwa namna yake. Gemu iliyozoea mashine moja ikipelekwa kwenye nyingine haivikuti vitu inavyovihitaji, inagoma. Kwa hiyo gemu huwekwa ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila kitu chake, ili popote iendako ijione iko nyumbani. Mimi ni mmoja wa watu wachache, tuliotawanyika duniani, tunaolitunza kontena mojawapo kwa kujitolea. Natunza pia chombo cha uchunguzi kinachoambatana nalo. Gemu ikigoma unakibonyeza, kinaikagua mashine na kuandika ripoti: hiki kipo, hiki hakipo, tatizo liko hapa. Ndiyo kazi yangu ya asubuhi, kabla wateja wa fotokopi hawajaanza kujaa. Silipwi kitu na sijawahi kujuta.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni kaka yangu, ingawa yeye hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Alikuwa dereva wa lori la pamba. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuja ndani ya kabini ya lori lake kutoka Mwanza, imeviringishwa kwenye blanketi, na alinikabidhi kwa uangalifu kama trei ya mayai. Na ni yeye niliyemwona, nikiwa bado shule ya msingi, akiwazuia mafundi wasiiguse injini. "Subirini kwanza tuisikilize," alikuwa akisema, kisha anainamisha kichwa, macho kayafumba, na watu wazima wote wananyamaza. Nilipoanza kuandika chombo changu nilitaka kifanye hivyo tu: kisikilize kwanza, ndipo mtu afungue. Namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa kompyuta yenyewe.

Miaka michache iliyopita, akiwa juu ya mzigo anafunga turubai, kamba ilikatika akaanguka chali. Aliumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake haimsikii. Alirudi kwake Lagangabilili, kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho la barabarani, akakaa miezi akitazama dari. Mimi sijui kufariji watu. Nikijaribu naishia kugomba. Nilichoweza ni kumpelekea kompyuta ya zamani na gemu ya kuendesha malori, ndani ya kontena letu.

Hapo ndipo nilipompata kaka yangu tena. Tulipata usukani wa plastiki wa mtumba, na pedali ya mafuta akaifunga juu ya meza, akawa anaikandamiza kwa kiwiko cha kushoto. Alichagua nchi ambayo magari hupita kushoto, maana kupita kulia, alisema, ni kujizoesha ajali. Barabara za gemu zina theluji pembeni, lakini yeye alizipa majina yake: mji huu Maswa, ule pale Lamadi, hapa ndipo pa kukunja kwenda Nassa. Saa za kupumzika alipumzika. Wachungaji waliopitisha ng'ombe walisimama dirishani kumuuliza leo amebeba nini, naye akawajibu kwa uzito, "Mbao," au "Maziwa," na hakuna aliyecheka. Akikaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya ule usukani, alikuwa dereva. Akitoka hapo, alikuwa mgonjwa. Nyumba nzima tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini, na kila kadi ina programu yake ndogo ya kuiendesha ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita dereva. Madereva wa kadi za zamani walikuwa wanatuchosha. Kila tukirekebisha kitu kimoja, wao wanavunja kingine. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuache kuwahudumia. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Niliandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba sidhani kama bado kuna mtu anazitumia kadi hizo. Wala sikukumbuka ile kompyuta niliyoibeba mwenyewe kwenye bodaboda mpaka Lagangabilili, nikiwa nimeikumbatia njia nzima.

Ikabaki kutafsiri ujumbe ambao chombo kingetoa kikikutana na kadi kama hizo. Kiswahili ni jukumu langu peke yangu. Nikahangaika: dereva wa kompyuta ni kitu au ni mtu? "Dereva hii imezeeka" iliniumiza sikio. Mimi ni mkali wa sarufi, wateja wangu wanajua. Barua zao za kuomba kazi nazisahihisha kabla ya kuchapa, hata bila kuombwa. Nikaamua dereva ni dereva, apewe heshima ya ngeli yake. Nikaandika: "Dereva ni wa zamani mno na hafai tena. Mwondoe, weka mpya." Nikaisoma kwa sauti, nikajipongeza, nikafungua duka.

Toleo jipya likatoka, likajipakia lenyewe kwenye mashine zote. Zikapita wiki nne. Kila Jumapili mchana nilimpigia kaka.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Kisukuma chetu ndivyo kilivyo, na mayu ni mama, ndivyo anavyoniita dada yake. Ukiulizwa hali unajibu mhola, shwari tu, hata kama kuna msiba ndani. Shida hutajwa baadaye, ikitajwa. Yake haikutajwa. Na mimi, mtunzaji wa chombo cha uchunguzi, nilikata simu kila Jumapili nikiwa nimeridhika.

Nilikuja kujua nilipompelekea tairi jipya la kiti chake. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kanga. Usukani ulikuwa ndani ya beseni, pamoja na vibanio vya nguo. Kaka alikuwa amelala kageukia ukuta, mchana kweupe. Nikamsalimu, akanijibu mhola ile ile. Nikatoka uani kwa mkewe, wifi yangu, aliyekuwa anapeta mchele.

"Wifi, kaka ana nini?"

"Si umuulize mwenyewe."

"Kasema mhola."

"Basi mhola." Akaendelea kupeta. Halafu akaweka ungo chini. "Mashine yako imemwambia hafai."

"Imemwambia nini?"

"Hafai tena. Aondolewe, awekwe mwingine. Nenda kasome, nisije nikaambiwa natia chumvi."

Nikaingia, nikaondoa kanga, nikawasha. Gemu ikagoma. Nikabonyeza chombo changu, na sentensi yangu ikatokea kwenye skrini, safi, haina kosa la sarufi hata moja.

"Kaka," nikasema, "hii inaongelea programu. Haikuongelei wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi si mjinga, mayu. Siku ya kwanza nilijua ni mambo ya kompyuta." Bado alikuwa kaangalia ukuta. "Siku ya pili nikaisoma tena. Ya tatu nikaona, hata kama haikuandikwa kwa ajili yangu, imesema kweli."

Nililia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa hasira, kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu, huku nikimgombeza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona vibaya kulalamikia kitu cha bure, tena cha dada yake. Hapo nikalia zaidi, mpaka wifi akaja kutazama nani kafa.

Sikurudi Bariadi siku hiyo wala iliyofuata. Nilifunga duka kwa simu, kwa maana ya kumwambia jirani aweke karatasi mlangoni, nikakaa kwenye meza ya kaka na kuwaandikia wenzangu. Niliwaambia nilikosea. Kuna mtu anaitumia kadi ya zamani, ni kaka yangu, na sasa hivi amelala hatua mbili kutoka nilipokaa. Nilitegemea mabishano, na haki ya kubisha walikuwa nayo, maana uamuzi tuliupitisha pamoja na aliyeushangilia ni mimi. Badala yake mzee mmoja mstaafu wa nchi ya baridi, ambaye sura yake sijawahi kuiona, alijibu kabla sijamaliza chai kwamba kadi kama hiyo bado anayo kwenye droo, ataitazama. Kesho yake akatuma matengenezo. Mama mwingine, wa bara jingine kabisa, akayakagua mstari kwa mstari. Hakuna aliyeniuliza huyo kaka yangu ni nani hata wahangaike hivyo. Niliwaandikia wabeja, nikawaeleza kwamba ndiyo asante ya kwetu, na mpaka leo mzee yule hufunga barua zake kwa neno hilo. Nina bahati ya watu. Naisema wazi kwa sababu nikikasirika huwa naisahau.

Siku ya tatu asubuhi nikaweka matengenezo kwenye mashine ya kaka. Skrini ikawa nyeusi. Nikarudia, nyeusi. Nikafungua hiki, nikafunga kile, nikaanza kuitukana kompyuta kwa lugha zote mbili ninazozijua vizuri.

"Zima," sauti ikatoka kitandani. "Washa tena, na wewe unyamaze."

Nikafanya hivyo. Feni ikazunguka, ikapanda kidogo, ikashuka.

"Tena."

Nikawasha tena. Wifi, aliyekuwa anaingia na ndoo, akasimama palepale bila kuambiwa. Nikamchungulia kaka: bado kageukia ukuta, macho kayafumba.

"Inakata kabla ya kubeba mzigo," akasema. "Mzigo ungekuwa umeizidi, ingevuma kwanza. Hii haijaufikia hata huo mzigo. Wewe unatafuta nyuma, kumbe shida iko mlangoni."

Ni kweli nilikuwa natafuta nyuma, ndani ya gemu yenyewe. Nikaenda mlangoni, yaani pale kontena linapofunguka na kupokea vitu vya mashine kabla gemu haijaanza. Dereva wa zamani alikuwepo nje, mzima kabisa, ila kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia jina lake halikuwemo. Lilikuwa tatizo la mstari mmoja. Nikauongeza, lori likatokea kwenye skrini limeegeshwa pembeni ya barabara, taa zimewaka. Nilipowatumia wenzangu ule mstari, mzee wa nchi ya baridi akasema amepapita mahali pale mara nyingi bila kuona kitu, akauliza nani kagundua. Nikamjibu, dereva wa lori.

Nilipogeuka, kaka alikuwa ameshajigeuza mwenyewe kutoka ukutani.

"Nisogezeeni kiti," akasema.

Mimi na wifi tukamketisha. Wifi akautoa usukani kwenye beseni, akaufuta kwa upindo wa kanga, na pua yake nikaisikia inavuta. Nilidhani kaka ataondoka mara moja. Lakini hakuwahi kuliondoa lori bila kwanza kulizunguka na kupiga matairi teke, na kwa kuwa hapa hakuna tairi la kupiga, alibonyeza chombo cha uchunguzi. Ripoti ikaja. Akaipitia polepole, kidole juu ya skrini, mpaka akafika nilipopabadilisha jana yake. Nilikuwa nimeandika: "Programu ya kadi ya picha ni ya zamani. Inafanya kazi."

"Dereva yuko wapi?" akauliza.

"Nimelitoa hilo neno, kaka. Halitamuumiza mtu tena."

"Mrudishe."

"Lakini kaka..."

"Andika dereva. Hapo pa zamani paache, ni kweli. Halafu mwishoni weka vizuri, kama ulivyofundishwa shule. Anafanya kazi."

Nikavuta kibodi nikamrudisha, na yeye ameshaweka kiwiko juu ya pedali, ananisubiri nimalize.