Beseni la Baba

Juzi nilijifanya fundi. Nilibadilisha filta ya oili bila kubandua mpira wa filta ya zamani uliobaki umenata kwenye injini, nikawasha gari, oili ikavuja, uani pakawa dimbwi jeusi.

Harufu ile ilinirudisha utotoni, alasiri ya upepo baridi. Baba alikuwa chini ya gari, miguu yake imetulia kama ya maiti. Kidole cheusi kilipaka oili mpira wa filta mpya, taratibu, na sauti yake ikaunong'oneza mpira huo, "Shika vizuri, usiniaibishe."

Nikajua anaroga.

"Mwanangu, lete beseni!"

La damu yangu, nikaamini. Nikakimbilia kwa jirani, Mama Salome, nikajificha jikoni kwake, nikamwambia Baba anataka beseni la damu yangu.

Juzi Mama Salome alichungulia uani kwangu, akasema: "Ungempelekea baba yako lile beseni la kukingia oili, leo ungejua kazi."