Aliyetumiwa rambirambi zake mwenyewe

Jua halijakolea katika soko la Majengo, Dodoma, na Gerson Ndahani amekwisha kushusha mzigo wa kwanza wa mtama. Anaegemea mkokoteni wake, anavua kofia, anajifutia uso. Leo amechoka mapema.

"Mgongo huu ulikuwa wa reli," anasema. "Magunia haukuyazoea."

Gerson alikuwa mfanyakazi wa stesheni ya Gulwe, mtu wa kupungia treni bendera, hadi wafanyakazi walipopunguzwa na jina lake likawamo. Shamba alilotegemea likasombwa na mafuriko. Akamwacha mkewe, Ruthu, na watoto watatu, akaja mjini kupanga chumba mtaa wa Kikuyu. Siku ya neema mkokoteni humpa shilingi elfu mbili. Siku nyingine humpa maumivu ya kiuno tu.

"Ruthu kaniambia mavuno yakipita sina kazi ya mshahara, nirudi tukalie umaskini wetu pamoja," anasema. "Nikipata, nawaleta mjini. Watoto wananisahau sura."

Kazi ameitafuta kwa kila mdomo anaoujua: wanakwaya wenzake, wauza nafaka, watu wa Gulwe waliotawanyika. Aliyemfaa ni Anthony, mwenzake wa zamani wa reli, sasa yuko Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2004, Anthony alimwandikia kwamba kampuni moja ya barabara inatafuta mlinzi wa stoo hapahapa Dodoma.

Aliandika kwa barua pepe. Gerson hana anwani. Anatumia ya Batuli, binti anayehudumia duka la intaneti jirani na soko. Yeye husema, Batuli huandika.

Gerson akaomba. Kampuni ikavutiwa, ikataka jina la mtu anayemfahamu vizuri. Gerson hakuumiza kichwa. Akamtaja rafiki yake Abdulkadiri, dereva wa kampuni hiyohiyo. Babu zake Abdulkadiri waliingia huku na misafara kutoka Unyamwezi, na tangu enzi hizo Mnyamwezi na Mgogo ni watani.

"Nilimtaja mtani," Gerson anasema taratibu. "Kosa langu ni hilo."

Bosi, mgeni ambaye hana muda mrefu nchini, alimwita Abdulkadiri akamuuliza kama anamjua Gerson Ndahani.

"Yule Mgogo? Tumeshamzika," Abdulkadiri akajibu bila kupepesa macho. "Hata wali wa matanga tumeumaliza."

Ofisi nzima ikacheka. Bosi peke yake hakucheka. Alisikitika kwa dhati, akaandika barua.

Batuli anaikumbuka barua hiyo. Aliisoma kimya, akamtazama Gerson, akairudia.

"Baba, wanatoa pole kwa familia ya marehemu."

"Marehemu nani?"

"Wewe."

Abdulkadiri aliposikia, mzaha ulimtoka wote. Alimfuata Gerson sokoni, akampeleka kwa bosi siku ileile. Bosi alimshika mkono, akaushikilia kwa muda, lakini nafasi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Akamwambia stoo ya pili itafunguliwa mwezi ujao, aombe upya.

Je, amemkasirikia rafiki yake? Gerson anatazama chini.

"Mtani utamkasirikiaje? Nami ningesema vilevile. Ila nimeumia, bwana. Nimeumia sana."

Abdulkadiri, ambaye siku hizi humletea chai asubuhi bila kuombwa, naye ana lake. "Nimemwambia, kaka, safari hii usinitaje."

Jioni, mkokoteni ukiwa umefungwa mnyororo, Gerson anaingia kwa Batuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tuandike."

"Nianze na nini?"

"Anza na jina langu. Kisha waambie nipo hai."

Batuli anaandika bila kutabasamu. Wakifika mwisho, anauliza: "Na mtu anayekufahamu vizuri, tumweke nani?"

Gerson anaigeuza kofia mkononi.

"Mweke Ruthu," anasema. "Huyo bado ananisubiri."